Dondoo muhimu: Kupatana bei ya sarafu za Mjerumani

Ukioneshwa Igunga sarafu ya mwaka 1916 isiyopimwa ubora, zingatia haya:

• Tafuta herufi T, alama ya Tabora, zilikogongwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.
• Jaribu sumaku. Sarafu ya heller 20 ni ya shaba, nyekundu au ya manjano. Ikinasa, achana nayo.
• Rupia 15 ya dhahabu, yenye tembo, ina gramu 7 na ushei. Ipimwe kwa sonara kabla hujataja bei.
• Onesha kasoro kwa heshima: “Mzee wangu, taji limefutika, nipunguzie.”
• Anza chini, panda kidogo kidogo.
• Usiisugue wala kuing’arisha, itashuka thamani.

Bei isiposhuka, aga kwa amani. Usinunue kwa pupa.