Vyombo vya Kusomeshea Watoto Majumbani

Wazee wengi wametuuliza katika darasa zetu: je, yafaa kuwasomesha watoto kwa simu na kompyuta? Na kama yafaa, ni kwa programu zipi? Suali hili lilizidi tangu Machi 2020, skuli zilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya Korona, zisifunguliwe kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2021.

Juu ya uhalali hatuoni la kubishania. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alipokamilisha kuirikodi Qur'ani nzima mwaka 1961, ilitiwa katika sahani za santuri, na santuri hizo hizo watu walikuwa wakipigia nyimbo. Lililobaki basi ni kuchagua, na hapo ndipo tunapozembea (na wengi wetu, tukisema kweli, humpa mtoto simu ili tupumzike).

Tulimjua mtoto mmoja aliyehifadhi Juzuu ya Amma kwa kuisikiliza simu. Sauti yake ilikuwa nzuri, wazee wake wakafurahi wakamtoa chuoni. Siku moja tulimfungulia msahafu, tukamwonyesha aya ya katikati ya Suratu 'Abasa, akanyamaza. Hakuweza kutenga sin na shin kwa kuziona. Alikuwa amehifadhi sauti, kusoma hakukujua, na miaka miwili ilikuwa imekwisha kupita. Ziko programu zinazomsikiliza msomaji zikamwonyesha neno alilolirukia, nazo zafaa kwa muraja'a. Lakini kuitengeneza herufi itoke mahali pake yataka mwalimu auonaye ulimi na midomo ya mtoto. Twawaomba wazee wasimwondoe mtoto chuoni kwa sababu ya simu.

Kwa masomo ya skuli, tuliyoipendelea ni programu iitwayo Kolibri, nayo ni ya bure. Huwekwa katika kompyuta moja, masomo yakateremshwa mara moja mahali penye mtandao: hesabu za Khan Academy zimo, na hadithi za watoto za African Storybook, za Kiswahili miongoni mwazo. Baada ya hapo simu za watoto huungana na kompyuta ile kwa waifai ya ndani, bila ya intaneti wala bando. Mwalimu huona nani amefanya zoezi gani na wapi amekosea. Mama mwenye watoto watatu wa madarasa mbalimbali atajua faida ya jambo hili kuliko sisi.

Ama programu nyingine za bure, mzee azijaribu mwenyewe saa nzima kabla ya kumpa mwanawe. Nyingi hupata fedha kwa matangazo, na mtoto anayejifunza herufi huenda akatokewa na tangazo la kamari. Kisha azime intaneti aone kama programu yaendelea kufanya kazi. Isipoendelea, na ahesabu bando la mwezi kabla ya kuipenda.

Ziko na hizi za akili bandia, ambazo ukiziuliza hujibu kwa Kiswahili fasaha. Katika hesabu na Kiingereza zaweza kumtungia mama mazoezi. Katika dini tuzitahadhari sana, kwani hutokea zikabuni hadithi isiyokuwamo kitabuni, zikaipa na nambari na kuinasibisha na Bukhari. Kumzulia Mtume (s.a.w.) ni jambo zito, na mtoto hana njia ya kulijua. Kila jibu la dini lirudishwe kwenye kitabu chenyewe, au kwa mtu wa ilmu.

Wenye kutaka kuwekewa Kolibri na waje na kompyuta zao katika darasa yetu siku ya Alhamisi baada ya Isha. Waje na subira pia, kwani kuyateremsha masomo huenda kukachukua usiku mzima.