Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Anayeondoka Gatumba, na kwa Anayebaki

Usimwite binti anayeondoka kwenda kazi za nyumbani Saudia mwenye tamaa. Kwanza tazama kuta za mtaani hapa Gatumba, karibu na Bujumbura: mstari wa maji bado unaonekana. Mwaka 2020 mto Rusizi ulivunja kingo na Ziwa Tanganyika likapanda. Nyumba za matofali mabichi zikayeyuka, na majirani zetu wakaishia kwenye mahema ya Maramvya. Maji yakarudi tena miaka iliyofuata. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ikashusha thamani ya faranga, na bei zikapaa. Na ujira? Kima cha chini kiliwekwa mwaka 1988: faranga 160 kwa siku mijini kama Bujumbura, 105 vijijini. Kwa zaidi ya miongo mitatu hakuna aliyekigusa. Faranga 160 leo hazinunui hata mkate. Mtu anayekimbia hesabu hiyo hana tamaa. Ana njaa, na ana akili.

Usiuze kiwanja, ng'ombe wala mabati, wala usikope, ili kumlipa komisyoneri, yule dalali anayetafutia watu kazi za nje. Burundi na Saudi Arabia zilitia saini makubaliano ya wafanyakazi wa nyumbani Oktoba 2021, na kanuni za Saudia zenyewe zinamtaka mwajiri alipe gharama za kumleta mfanyakazi wake. Anayekudai pesa ya viza anakuibia. Deni hilo ndilo litakalokufunga mdomo utakapopigwa, kwa sababu utaogopa kurudi mikono mitupu kwa waliokukopesha.

Usisafiri kwa jina la mwingine wala kwa umri wa kuongezewa. Enzi za Wabelgiji, babu zetu walikimbia kodi, kazi za lazima na kiboko, wakaenda kulima Uganda na kukata mkonge Tanganyika. Waliitwa manamba, kwa ile namba waliyopewa kazini. Wengi walifia huko, na nyumbani hakuna aliyejua kaburi liko wapi. Ukifa au ukipotea ukiwa na jina la mtu mwingine, mama yako ataanza kukutafuta kwa jina gani?

Soma mkataba. Kama umeandikwa kwa Kiarabu au Kifaransa usichokielewa, tafuta wa kukusomea ambaye hapati chochote safari yako ikifanikiwa. Tafuta humo jina la mwajiri, mji, mshahara na tarehe ya kulipwa. Komisyoneri akisema utasaini ukifika, rudi nyumbani siku hiyohiyo.

Piga picha pasipoti, viza na kila ukurasa wa mkataba. Picha zibaki kwa watu wawili usiowatilia shaka.

Usimwachie mwajiri pasipoti yako kwa kudhani ndiyo sheria ya kwao. Saudia imekataza jambo hilo. Jua pia kwamba sheria ya kazi ya nchi hiyo haikuwajumuisha watumishi wa nyumbani, na mageuzi ya 2021, yaliyowarahisishia wafanyakazi wengine kubadili mwajiri, yaliwaacha nje. Hata hivyo wana kanuni zao: zile za 2013 ziliwapa angalau saa 9 za kupumzika kwa siku na siku 1 kwa wiki. Tangu hapo zimebadilishwa; ulizia zinazotumika sasa na uzikariri kabla hujapanda ndege. Ukiwa jikoni Riyadh hutapata wa kukueleza.

Usipite njia za panya kupitia nchi jirani eti kwa kuwa ni haraka. Aliyepita kwa siri, hata balozi hajui kama yupo.

Mzazi, usipokee pesa ya komisyoneri. Hata ikiwa ni ya chumvi na sabuni. Burundi ina sheria dhidi ya biashara ya watu tangu Oktoba 2014, nayo haimsamehe mtu kwa sababu ni baba. Mtoto asiposikika kwa wiki mbili, nenda polisi na ile picha ya pasipoti. Usikae nyumbani ukisubiri aibu ipite.

Na wewe unayebaki, usijione msafi. Tunalaani matajiri wa Ghuba kwa sauti kubwa, lakini katika nyumba zetu hapa Gatumba, na hata Buyenzi na Rohero mjini Bujumbura, kuna yaya anayeamka kabla ya adhana ya alfajiri, analala baada ya kila mtu, na mshahara wake "tunamtunzia". Boyi anavunja sahani, anakatwa mwezi mzima. Kibarua anabeba matofali wiki nzima, Jumamosi anaambiwa bosi hayupo. Komisyoneri hahitaji kumdanganya sana msichana anayetendewa hivyo. Anamwambia tu kwamba huko watu wanalipwa.

Kwa hiyo mwekee mfanyakazi wako tarehe ya mshahara na uiheshimu. Andika kiasi kwenye karatasi, kila mmoja abaki na nakala yake. Mpe siku ya mapumziko, na simu yake usiishike. Kama unamdai sahani, mdai sahani, usimdai mwezi.

Na ule mshahara wa mwezi uliopita, mlipe leo, kabla hajalala.