Mjue Mnunuzi wa Ng'ambo Kabla ya Kuchuma

Ndugu mkulima, ukienda kununua ng'ombe wa maziwa hutazami rangi yake tu. Hutazama meno na kiwele, tena humwuliza jirani kama yule ng'ombe ni wa muuzaji kweli. Mbona basi mnunuzi wa ng'ambo, atakayechukua jasho la watu mia, tunamkubali kwa barua moja tu?

Msimu mmoja katibu wa kikundi cha wakulima wa maparachichi alifika ofisini kwetu, huku Murang'a, na karatasi mkononi. Mnunuzi wa Uingereza alitaka kontena nzima, yaani tani 20 hivi, kwa bei iliyopita sana ile ya madalali wetu. Wakulima walikuwa tayari kuchuma Jumatatu. Mzee alitaka nimsaidie kuandika jibu la kukubali.

Nikamwuliza, "Mzee, mwamfahamu mtu huyu?"

"Naam, Mwalimu. Kampuni yake imeandikishwa Uingereza. Kijana wangu ameiona kwa simu yake."

"Kampuni mmeiona. Na mtu je?"

Mzee akanyamaza. Hapo ndipo penye somo letu la mwezi huu. Kampuni ni kitu kimoja, na mtu anayekuandikia ni kitu kingine. Yapasa kuwachunguza wote wawili, na kazi yenyewe ni hii:

1. Tazama daftari la serikali ya nchi yake. Uingereza ina ofisi ya kuandikisha makampuni iitwayo Companies House, na uandikishaji huo ulianza mwaka wa 1844. Mtu ye yote aweza kulisoma daftari lake katika intaneti bila malipo. Utaona namba ya kampuni, tarehe ya kuanzishwa, anwani, majina ya wakurugenzi, hesabu zilizopelekwa, na kama kampuni ingali hai au imevunjwa. Uholanzi, ambako mazao mengi yetu hupitia, daftari hutunzwa na Kamer van Koophandel, na kila kampuni hupewa namba ya tarakimu 8. Mwombe mnunuzi namba yake. Mfanyabiashara wa kweli hakasiriki kuulizwa namba.

Angalia umri wa kampuni na kazi yake. Kampuni iliyoanzishwa miezi mitatu iliyopita kwa kazi ya kuuza nguo, leo yataka kontena ya matunda kwa nini?

Lakini usilale hapo. Daftari laonyesha kuwa kampuni ipo. Halionyeshi kuwa ni aminifu. Kwa miaka mingi watu waliandikisha makampuni Uingereza bila ofisi hiyo kuhakikisha wao ni nani hasa. Ukaguzi wa utambulisho kwa wakurugenzi wapya ulikuwa lazima mwezi wa Novemba 2025 tu.

2. Hakikisha kuwa anayekuandikia ni mtu wa kampuni hiyo. Hili ndilo linalosahauliwa. Mwizi mwerevu habuni kampuni. Huchukua jina la kampuni nzuri yenye sifa, na namba yake, na anwani yake, kisha huagiza mali kwa jina hilo. Ukitazama daftari utaona kila kitu ni sawa, kwa kuwa jina ni la kweli. Mali huteremshwa kwenye ghala lingine, na kampuni yenye jina haina habari.

Dawa yake ni rahisi. Usipige namba ya simu iliyo katika barua yake, maana atakayepokea ni yeye mwenyewe. Tafuta mwenyewe namba ya kampuni, upige, uulize: "Je, mna mtu mwenye jina hili, naye ameagiza maparachichi Kenya?" Tena soma anwani yake ya barua pepe herufi kwa herufi. Herufi moja iliyoongezwa hufanya anwani kuwa ya mtu mwingine kabisa.

3. Uliza wengine. Mwombe majina ya wauzaji wawili waliokwisha kumpelekea mazao, nawe uwaulize kama alilipa, na alilipa baada ya siku ngapi. Ubalozi wetu The Hague na ule wa London zipo kwa ajili ya Wakenya, hata wa biashara. Hapa nyumbani uliza AFA, ambayo huandikisha wanaopeleka matunda na mboga nje. Nao wenyewe hukagua kama kikundi chako kina ruhusa.

4. Patana juu ya malipo kabla ya kuchuma. Kupeleka matunda kwa mali kauli, ulipwe yakiisha kuuzwa, ni kwa watu mliozoeana miaka. Kwa mgeni, taka sehemu ya fedha mbele, na iliyobaki ipitie benki. Hati ya shehena ya meli ndiyo ufunguo wa mzigo: benki isimpe mnunuzi hati hiyo mpaka amelipa. Au benki yake itoe barua ya ahadi kwamba italipa hati zikifika zimekamilika. Barua hiyo nayo ipokewe kwa njia ya benki yako mwenyewe, si kwa mkono wa mnunuzi. Picha ya risiti ya benki si fedha. Na mnunuzi akikutaka wewe utume ada ili akulipe, mwache aende zake.

Kumbuka pia kwamba tunda si saruji. Hata ukiwa na hati zote, kontena ikingoja bandarini matunda huoza, na mnunuzi mbaya hungoja siku hiyo ili apunguze bei. Ndiyo sababu fedha za mbele zahitajiwa.

5. Andika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Weka katika faili kila barua, na tarehe ya kila simu, na jina la aliyejibu.

Sasa turudi kwa yule mzee. Tulitafuta namba ya kampuni, tukapiga simu kutoka ofisini. Mama mmoja akajibu kwa adabu. Kampuni yao ni ya kweli, lakini huyo mtu hawamjui, wala hawajaagiza hata tunda moja. Mzee alikaa kitambo bila neno. Kisha akasema, "Mwalimu, nashukuru. Nikiwahi gari la saa tisa nitawaambia leo leo wasichume." Maparachichi yalibaki mitini, yakauzwa baadaye kwa bei ya kawaida, na kila mkulima alipata fedha zake.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kikundi:

(a) Kwa nini daftari la makampuni peke yake halitoshi?
(b) Namba ya simu ya mnunuzi yafaa kupatikana wapi?
(c) Katika kikundi chenu, ni nani aliyepewa kazi ya kumchunguza mnunuzi? Kama hakuna, mchagueni mtu leo.