Salamu za Redio kwa Msafiri Aendaye Karibu na Mwendo wa Nuru

Wanafunzi wengi hudhani kwamba chombo cha angani kiendacho kwa kasi inayokaribia ile ya nuru hakiwezi kufikiwa na habari za nyumbani. Dhana hiyo si sahihi. Maadamu kasi ya chombo ni pungufu ya ile ya nuru, salamu zitakifikia. Kinachobadilika ni muda unaopita kati ya salamu moja na nyingine.

Mawimbi ya redio, kama nuru, husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwamba mwendo huo ni mmoja kwa wapimaji wote, na kwamba saa ya msafiri huenda polepole ikilinganishwa na saa za nyumbani.

Tuseme Kulwa na Doto ni pacha. Kulwa anabaki duniani. Doto anakwenda kwenye nyota iliyo umbali wa miaka 4 ya nuru, karibu sawa na Proxima Centauri, kwa kasi ya nane ya kumi ya nuru, kisha anageuka mara moja na kurudi. Kwa saa ya Kulwa, kwenda ni miaka 5 na kurudi miaka 5. Kwa saa ya Doto ni miaka 3 na 3. Kila mmoja hutuma salamu mwaka wake unapotimia.

Kwa hesabu ya Kulwa, mwaka mmoja wa Doto huchukua mwaka 1 na miezi 8. Katika muda huo chombo huzidi kwenda mbali, kwa umbali ambao salamu huhitaji mwaka 1 na miezi 4 kuuvuka. Jumla ni miaka 3: ndio muda kati ya salamu mbili. Wakati wa kurudi umbali hupungua, hivyo hesabu ni ya kutoa: salamu hufika kila miezi 4. Mawimbi yenyewe hubadilika vivyo hivyo. Kituo kinachorusha kwa megahezi 90 kitasikika kwenye megahezi 30 wakati wa kwenda, na 270 wakati wa kurudi.

Sasa salamu zihesabiwe. Doto hupokea 1 wakati wa kwenda na 9 wakati wa kurudi: jumla 10. Kulwa hupokea 3 katika miaka 9 ya kwanza, kwa kuwa salamu iliyotumwa kwenye nyota husafiri miaka 4. Nyingine 3 humfikia katika mwaka wa mwisho: jumla 6. Kwa hiyo wakikutana, Kulwa amezeeka miaka 10 na Doto 6, wala hakuna ubishi. Doto, aliyegeuza chombo, aliona mabadiliko papo hapo, Kulwa alingoja.

Jambo hili si ndoto tupu. Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, huenda kilomita 17 hivi kwa sekunde, na ishara zake huchukua zaidi ya saa 22 kufika. Hata kwa kasi hiyo ndogo, mitambo ya kupokelea hulazimika kurekebishwa kufuata mabadiliko ya mawimbi.

Zoezi: Kasi ikiwa sita ya kumi ya nuru, mwaka wa Doto ni mwaka 1 na miezi 3 ya Kulwa. Tafuta muda kati ya salamu wakati wa kwenda na wa kurudi.