Friji ya vitumbua ni jirani

Mwaka wangu wa kwanza Arusha nilialika wageni waje kunywa chai Jumapili asubuhi. Nikajiona mjanja: vitumbua nikavichoma Jumamosi jioni, vilipopoa nikavipanga kwenye bakuli, nikafunika na kuviweka kwenye friji. Asubuhi mgeni mmoja aling'ata kimoja, akatafuna kwa adabu, kisha kilichobaki akakizamisha kwenye kikombe na kukiacha kilowe. Hakuna aliyesema neno. Nilipompigia mama Tanga kumsimulia, alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, vitumbua vinawekwa akiba tangu lini?"

Siri iko kwenye mchele. Chakula cha mchele kikipoa hukakamaa, na baridi ya friji huzidisha kasi. Ukikiacha mezani, joto nalo huchachusha tui. Kwa hiyo kitumbua kina asubuhi moja tu, na njia pekee ya kukihifadhi ni kukigawa. Siku hizi napima vya nyumba tatu hata kama kwangu tuko wawili.

Vipimo vyangu, vinavyotoa kama vitumbua 25:

- mchele vikombe 2 (chenga zinafaa sana, tena ni za bei nafuu)
- tui zito kikombe 1 na nusu
- sukari nusu kikombe
- wali uliobaki jana, vijiko vikubwa 3
- hamira kijiko kidogo 1
- iliki ya kutwanga kijiko kidogo 1
- chumvi kidogo sana, na mafuta ya kuchomea

Loweka mchele usiku. Asubuhi umwage maji, uuchuje vizuri, kisha uusage kwenye blenda pamoja na tui na ule wali. Wali ndio unaolainisha kitumbua ndani, usiuruke. Saga, pumzisha blenda, saga tena. Chukua tone moja ulisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia chembechembe, rudia. Wanaosema kitumbua kimeingia mchanga wanasema mipango imeharibika, lakini aliyewahi kula kitumbua cha mchele usiosagika anajua msemo huo unauma kwenye meno hasa.

Tui liwe vuguvugu tu. Niliwahi kulimimina likiwa la moto, hamira ikafa, nikapata vitu bapa kama chapati. Tia hamira, iliki na chumvi, na sukari itie mwisho, maana ikiyeyuka hulegeza unga. Ukiuona mzito kabla ya sukari, usikimbilie kuongeza tui. Unaotakiwa ni unga unaomiminika polepole kutoka kwenye upawa, mzito kidogo kuliko uji wa kunywa.

Funika uumuke. Tanga ukiuacha mezani, kabla ya saa moja kupita unakuta umejaa mapovu. Arusha mwezi wa saba niliusubiri mpaka nikakata tamaa, hadi nilipoanza kuliweka bakuli ndani ya sufuria pana yenye maji ya uvuguvugu. Ukijaa mapovu juu na ukanukia uchachu mwembamba, uko tayari. Usiukoroge kwa nguvu ukautoa hewa yote.

Sasa chuma cha vitumbua. Kikiwa kipya, kioshe, kikaushe, kipake mafuta kila shimo, ukiache kwenye moto hadi kifuke moshi, upanguse, urudie mara mbili tatu. Hata hivyo mkupuo wa kwanza utanata. Hivyo ni vya chuma, wala usivihesabu. Moto wa mkaa uwe wa wastani, maana mkali huunguza nje na kuacha ndani mbichi. Tia mafuta nusu kijiko kidogo kila shimo, yapate moto, mimina unga hadi robo tatu. Kingo zikikauka na vitundu vikitoboka juu, ingiza kijiti cha mshikaki pembeni, zungusha, geuza. Ongeza tone la mafuta. Kijiti kikitoka kikavu, epua.

Vya kwanza vizuri huwa havikai mezani kwangu. Navipanga kwenye sahani vingali vya moto, nafunika kwa kitambaa, siyo mfuniko, kwa sababu mvuke ukifungiwa huvilowesha. Mtoto anapeleka mlango wa pili. Siku ya pili au ya tatu hodi inabishwa: "Shikamoo. Mama amesema sahani yenu hii." Sahani hairudi tupu. Imewahi kurudi na maparachichi, imewahi kurudi na mayai manne ya kienyeji. Vikibaki vichache kwangu, mchana navitia kwenye mvuke dakika chache, vinalainika, ingawa si kama vya asubuhi.

Mwezi uliopita jirani aliomba sahani iongozane na chuma chenyewe. Wiki tatu kilikaa kwake, nikanunua mkate dukani na kunyamaza. Jumamosi moja, kabla sijawasha jiko, hodi. Yuko mlangoni mwenyewe, na sahani imefunikwa kwa kitambaa. "Onja uniambie ukweli, dada."

Iliki ilizidi. Nilikula vitatu nimesimama palepale mlangoni, vikiniunguza vidole, kabla sijamwambia.