Waya au Wi-Fi? Namna ya Kuamua kwa Kompyuta ya Nyumbani

Video ikianza kukwamakwama, wengi hukimbilia kupandisha kifurushi. Mara nyingi fedha hiyo huenda bure, maana tatizo halimo kwenye laini inayoingia nyumbani. Limo katika zile mita chache kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta. Mwongozo huu ni wa mita hizo.

Hatua ya 1: Pima kwanza, nunua baadaye

Tafuta waya mfupi uliokuja kwenye boksi la ruta. Sogeza kompyuta karibu na ruta na uiunganishe kwa waya huo. Kwenye Windows, andika cmd katika sehemu ya kutafutia, fungua kidirisha kinachojitokeza, kisha andika ipconfig. Utaona namba mbele ya maneno Default Gateway, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Hiyo ndiyo anwani ya ruta yako. Sasa andika ping, anwani hiyo, kisha -t, na uache kipimo kiendelee kwa dakika mbili tatu. Kukisimamisha, bonyeza Ctrl na C kwa pamoja.

Kwa waya mzima, majibu hurudi kwa takriban milisekunde 1, mstari baada ya mstari. Chomoa waya, rudisha kompyuta mahali pake pa kila siku, washa Wi-Fi, urudie kipimo kile kile saa mbili usiku, watu wote wakiwa nyumbani. Ukiona 4, kisha 90, kisha 300, kisha jibu lisirudi kabisa, ugonjwa umo ndani ya nyumba. Namba zikiwa zimetulia lakini kurasa bado hazifunguki, wa kupigiwa simu ni kampuni inayokuuzia intaneti. Waya mpya hautakusaidia. Na kama unalipia Mbps 20 na Wi-Fi inakupa karibu zote bila kuyumba, ishia hapa. Huhitaji kutumia hata senti.

Hatua ya 2: Tazama kuta na majirani

Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili. Ya 2.4 GHz hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Ya 5 GHz yana kasi kubwa lakini huchoka mapema. Katika nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Mji wa Kale wa Mombasa, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta mbili nene zinatosha kuyamaliza ya 5 GHz. Zege lenye nondo, mabati, vioo vikubwa na tangi la maji navyo huzuia.

Kwenye maghorofa, shida ni msongamano. Masafa ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na kila mpangaji ana ruta yake. Vifaa vinavyotumia chaneli moja hugawana hewa ile ile, vikiwamo vya jirani. Waya haugawani na mtu, na hutuma na kupokea kwa wakati mmoja.

Kabla ya kukata tamaa na Wi-Fi, toa ruta ndani ya kabati, iweke juu, katikati ya nyumba, mbali na maikrowevu. Kama ukuta kati ya ruta na kompyuta ni mmoja tu, jaribu 5 GHz. Rudia kipimo.

Hatua ya 3: Amua kwa kazi

Kompyuta ya mezani haihami. Kama juu yake kuna mikutano ya video, masomo ya mtandaoni, michezo au kupakia mafaili makubwa, mimi husema waya bila kusita. Laptopu inayozunguka na mwenyewe ibaki kwenye Wi-Fi, na vivyo hivyo kwa mpangaji ambaye mwenye nyumba hamruhusu kutoboa ukuta.

Hatua ya 4: Nunua waya wa kweli

Waya wa aina ya Cat5e unatosha: hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Cat6 ni sawa kama bei haipishani sana. Hatari kubwa madukani ni waya wa alumini uliopakwa shaba, ambao wakati mwingine huandikwa CCA. Omba kipande, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, uache. Hukatika ukikunjwa.

Angalia pia matundu ya ruta. Kwenye baadhi ya ruta za bei nafuu, yana kikomo cha Mbps 100. Laptopu isiyo na tundu la waya huhitaji adapta ya USB. Chukua ya USB 3.0.

Hatua ya 5: Tandaza kwa uangalifu

Pitisha waya chini ya ukuta au juu ya fremu ya mlango, usiupitishe chini ya zulia panapokanyagwa. Usiuweke bomba moja na nyaya za umeme. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba. Ukimaliza, angalia kasi ya muunganisho kwenye mipangilio ya kompyuta. Ikisoma 100 wakati vifaa vyote ni vya gigabiti, kuna uwezekano mkubwa kwamba uzi mmoja kati ya nyuzi nane haukukaa vizuri kwenye kichwa cha waya. Mwambie fundi akikate na kukibana upya.

Usivute waya wa shaba kupitia nje, kutoka nyumba kubwa hadi chumba cha uani, hasa kwenye maeneo ya radi nyingi kama Kisii na kandokando ya Ziwa Victoria. Radi ikipiga karibu, waya huo huingiza umeme kwenye vifaa vya pande zote mbili. Hapo tumia faiba, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme.

Hatua ya 6: Ukibaki na Wi-Fi

Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na ubadilishe nywila ya kuingilia kwenye ruta yenyewe. Adapta ya Wi-Fi iliyochomekwa nyuma ya kompyuta ya mezani hufichwa na kasha la chuma. Itoe mbele kwa waya wa USB wa kurefushia.

Hatua ya 7: Fikiria umeme

Umeme ukikatika, ruta huzimika, uwe na waya au usiwe nao. Kuna betri ndogo za akiba zinazotunza ruta na kisanduku cha faiba. Soma volti na ampia zilizoandikwa kwenye kila kifaa kabla ya kununua: ruta nyingi ni za volti 12, lakini si zote, na kukosea volti kunaweza kuunguza kifaa.