Mafuta Katika Tope la Ziwa Tanganyika

Umewahi kupika dagaa wa Kigoma? Dagaa wakiwa wamenona, utaona mafuta yao yakielea juu ya mchuzi. Je, mafuta hayo wameyapata wapi?

Dagaa hula vijidudu vya majini. Vijidudu hivyo hula mwani. Huu si ule mwani mrefu unaoanikwa kule pwani. Ni mimea midogo mno. Huwezi kuuona mmoja mmoja kwa macho, ila kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Ukiwa mwingi, maji hugeuka rangi. Mwani huota kwa jua na kwa mbolea iliyomo majini, kama mahindi yako shambani. Nao hujiwekea akiba ya mafuta mwilini.

Mwani usioliwa hufa, ukazama. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Kuanzia mita 200 hivi kwenda chini hakuna hewa ya oksijeni. Samaki hawaishi huko, na vitu huoza polepole sana. Mafuta mengi huharibika njiani, lakini kiasi kidogo hufika chini na kukaa katika tope. Tope jipya hulala juu ya la zamani, mwaka hata mwaka.

Wataalamu hushusha bomba refu kutoka melini, wakalichomoa tope likiwa na matabaka yake. Hulikausha, kisha hutia dawa ya kuyeyusha mafuta. Ni kama wewe unavyotoa grisi mikononi kwa mafuta ya taa. Mafuta ya mwani wa aina moja si sawa na ya aina nyingine. Kwa hiyo wataalamu hujua ni mwani gani uliishi ziwani zamani. Mimi mwenyewe ilinichukua muda kuamini jambo hili. Vipo pia viumbe vingine vidogo, visivyo mwani, ambavyo mafuta yake hubadilika kufuata joto la maji.

Mwaka 2010 wataalamu walitangaza habari walizozisoma katika tope la ziwa hili. Mafuta ya viumbe hivyo yalionyesha kuwa maji ya juu yamepata joto kuliko wakati wowote katika miaka 1,500. Tope lilionyesha pia kuwa nyakati za joto mwani hupungua.

Kwa nini? Mbolea nyingi ya ziwa iko chini. Upepo wa kusini, Mei hadi Septemba, huyakoroga maji, mbolea ikapanda. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi. Hukaa juu ya maji ya baridi, na upepo hushindwa kuyachanganya. Mwani ukikosa mbolea, vijidudu hukosa chakula. Dagaa hupungua, na migebuka wanaokula dagaa hupungua pia.

Basi mvuvi akirudi na ndoo tupu, asimlaumu kila mara jirani yake mwenye kokoro. Kokoro nalo lina makosa yake, lakini hilo ni somo jingine.

MASWALI
1. Dagaa hupata wapi mafuta yao?
2. Kwa nini mafuta hudumu katika tope la chini?
3. Waulize wazee wa kijiji chako: zamani dagaa walipatikana kwa wingi miezi gani? Andika majibu yao.